Kabla ya kununua programu ya kufundishia umeme, iunganishie nyaya vibaya

Idara yetu ya umeme ilipopewa projekta na fungu dogo la kununulia programu ya maonyesho darasani, mjadala wa kwanza ulikuwa wa bei. Vyuo vingi huanzia hapo, na matokeo yake yanaonekana kwenye kompyuta za karakana: programu imelipiwa, imesakinishwa, na hakuna mwalimu aliyeigusa tangu muhula wa kwanza uishe. Sisi tunafundisha ufungaji umeme wa majumbani na uendeshaji wa mota. Wanagenzi wetu wengi wametoka kidato cha nne, wachache darasa la saba, na wanaokaza buti wanataka kufika kwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji. Yafuatayo ni mambo ambayo tungefurahi sana kuambiwa kabla hatujaanza kupokea wauzaji.

Ubao kwanza

Kazi nyingi ya fundi haifundishwi kwa skrini. Kuchuna waya bila kujeruhi shaba, kukaza skrubu ya soketi mpaka waya usichomoke, kupitisha nyaya kwenye paipu yenye kona mbili, kupima insulesheni kwa mega ya volti 500: yote hayo ni ya ubao wa mazoezi na ukuta wa karakana. Kwa hiyo tulichukua mtaala, tukapita mada moja baada ya nyingine, na kila mada tukaiuliza swali lilelile: hapa ubao unashindwa kuonyesha nini?

Majibu yalikuwa ya aina tatu. Kuna kisichoonekana, yaani mkondo wenyewe na jinsi unavyogawana njia. Kuna cha hatari, yale makosa ambayo hakuna mwalimu mwenye akili timamu atayafanya kwa volti 230 mbele ya darasa zima. Na kuna cha haraka, kama vile kontakta (swichi zinazovutwa kwa sumaku) zinavyopokezana mota inapotoka sta, muunganisho wa kuanzia, kwenda delta, muunganisho wa kuendelea, ambapo kwenye ubao unasikia milio miwili tu na kazi imekwisha.

Mada zilizobaki hazikujaza ukurasa: mfululizo na sambamba, swichi za njia mbili na ya kati, kukatika kwa nyutro (waya wa kurudishia umeme), hitilafu ya ethi (waya wa ardhini) na RCD (kifaa kinachokata umeme mkondo unapovuja), kushuka kwa volti, stata ya moja kwa moja, kugeuza mota, sta-delta. Orodha fupi namna hiyo huokoa fedha. Muuzaji akijisifu kwamba maktaba yake ina maelfu ya vifaa, wewe unajua unahitaji visivyozidi ishirini.

Makosa ndiyo mtihani

Muuzaji huja na saketi aliyoiandaa. Anabonyeza swichi, taa inawaka, mota inazunguka, watu wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Saketi sahihi huonekana sahihi katika programu yoyote ile. Tofauti hujitokeza unapochomoa waya. Andaa makosa yako mapema, mwombe ayajenge papo hapo mbele yenu, na akisema atakwenda kuyaandaa ofisini halafu arudi, hilo nalo ni jibu.

Kosa la kwanza ni jepesi. Balbu ya nyuzi ya wati 60 na nyingine ya wati 100, zote za volti 230, ziunganishwe mfululizo. Karibu kila mwanagenzi atasema ya wati 100 itang'aa zaidi. Kwa hesabu ya ukinzani usiobadilika, ya 60 ina ohm 882 na ya 100 ina ohm 529. Mkondo ni kama ampea 0.163, na hivyo ya 60 inapata volti 144 na kutoa wati 23, wakati ya 100 inabaki na volti 86 na wati 14. Ndogo inaishinda kubwa. Programu ambayo inawasha balbu zote mbili kwa mwanga sawa, au inaizima moja, haihesabu chochote. Imechorewa picha mbili tu, ya taa iliyowaka na ya taa iliyozimwa. Programu kadhaa za bei kubwa ziliangukia hapa.

La pili: weka swichi kwenye nyutro badala ya laivu, waya unaoleta umeme. Taa itawaka na kuzimika kama kawaida, na programu dhaifu itakuandikia kwamba umefaulu. Unachotaka ni testa au multimita ndani ya programu, ikupe volti 230 kati ya holda na ethi wakati taa imezimwa. Hilo ndilo kosa linalompiga mtu shoti anapobadilisha balbu gizani, na mwanagenzi anapaswa kuliona likiwa na namba.

La tatu ni kukatika kwa nyutro kwenye umeme wa fezi tatu, na hapa tulikaa muda mrefu kuliko penginepo, kwa sababu vitu vinavyoungua mitaani kwa kosa hili ni vingi: runinga, friji, chaja. Weka mzigo wa wati 2,000 kwenye fezi moja na wati 100 kwenye nyingine, fezi ya tatu iache tupu, kisha kata nyutro ya pamoja. Sasa mizigo miwili iko mfululizo kwenye volti 400. Ohm 26.45 na ohm 529 zinagawana: mzigo mkubwa unabaki na volti 19 hivi, mdogo unabebeshwa volti 381. Mwalimu anaweza kuliandika hili ubaoni kwa chaki mwaka mzima na wanagenzi wakalinakili bila kuliamini. Wakiona kipimo cha volti kikipanda kutoka 230 hadi 381 kwa sababu ya waya mmoja tu uliolegea, hawaulizi tena kwa nini skrubu ya nyutro hukazwa kabla ya zote.

La nne ni RCD, na ndilo lililotufanya tuikatae programu moja iliyokuwa nzuri kwa mengine yote. Gusisha laivu kwenye bodi la chuma la jiko, huku waya wa ethi wa jiko ukiwa umechomolewa. Katika hali halisi hakuna kinachotokea wakati ule. Bodi linakaa na volti 230 kimya kimya, hakuna mkondo unaovuja, RCD haina sababu ya kuruka. Inaruka mtu anapoligusa, mwili wake unapokuwa njia ya kwenda ardhini. Ile programu ilirusha RCD papo hapo, ethi ikiwepo au isiwepo. Kijana akijifunza hivyo atatoka akiamini kwamba ukiweka RCD huhitaji ethi, na ataipeleka imani hiyo kwenye nyumba za watu. Kosa la programu lililo wazi linavumilika. Hili lilijificha ndani ya jibu lililoonekana la busara.

La tano, breka. Pitisha ampea 18 kwenye breka ya B16, yaani ya aina ya B na ukubwa wa ampea 16. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898 breka haitakiwi kukata chini ya mara 1.13 ya ukubwa wake ndani ya saa nzima, na 18 ni pungufu kidogo ya hapo. Ikifika mara 1.45, yaani ampea 23.2, lazima ikate kabla ya saa kwisha. Kukata papo hapo kwa sumaku, kwa aina ya B, huanzia mara 3 hadi mara 5: ampea 48 hadi 80. Programu nyingi hukata pale tu namba inapovuka 16. Hatukuikataa yoyote kwa sababu hiyo pekee, ila mwalimu ajue na aseme, maana fundi aliyezoea hivyo ataenda kubadilisha breka nzima isiyo na ubovu wowote.

La mwisho ni kushuka kwa volti, na hapa karibu programu zote zinadanganya kwa kunyamaza. Waya wa kwenye skrini hauna ukinzani. Waya wa shaba wa mm² 2.5 hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Mita 30 kwa ampea 20 ni volti 10.8, karibu asilimia 4.7, wakati taratibu za Uingereza za BS 7671 huruhusu asilimia 3 kwa taa na 5 kwa matumizi mengine. Kama programu hairuhusu kuupa waya ukinzani, chomeka rezista ya ohm 0.54 mahali pa waya na uiite jina la waya. Inatosha kabisa.

Alama, rangi na Marekani

Programu nyingi za kulipia zenye picha za kuvutia zimetengenezwa kwa ajili ya mafundi wa Marekani na Kanada. Volti 120, hezi 60, laivu nyeusi, nyutro nyeupe. Hayo mtu angeyazoea. Shida kubwa ni michoro: kontakti (mguso wa swichi) iliyo wazi huchorwa kwa mistari miwili iliyosimama sambamba, na kwa mwanagenzi anayefundishwa alama za IEC 60617 hiyo ni kapasita. Tukaona darasa litapoteza wiki kujifunza kusoma michoro ambayo hawatakutana nayo kwenye paneli za hapa.

Rangi zinahitaji jicho la pekee. Waingereza, ambao tumerithi kwao soketi ya pini tatu za mraba, waliacha nyekundu, njano na bluu za fezi pamoja na nyutro nyeusi. Rangi za kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi na bluu kwa nyutro ziliingia mwaka 2004 na kuwa lazima 2006. Nyumba zetu zina zote mbili, wakati mwingine ndani ya DB (boksi la kugawia umeme) moja. Nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi ya sasa ni fezi. Programu isiyokuruhusu kubadilisha rangi ya kila waya haiwezi kufundisha hatari hiyo, nasi tuliliweka hilo kuwa sharti.

Tulizobaki nazo

Hakuna programu moja iliyopita makosa yote, na tulipokubali hilo kazi ikawa nyepesi. Tukabaki na nne, zote za bure, kila moja kwa mada zake.

Kwa wanaoanza kabisa tunatumia PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ile ya kujenga saketi. Elektroni zinaonekana zikitembea, na betri ikipigwa shoti inawaka moto. Inapakuliwa kama faili moja na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti, na ukinzani wa waya unaweza kuongezwa, jambo linaloifanya ifae kwa kushuka kwa volti. Tahadhari: onyesha kwanza mkondo wa kawaida, sio elektroni, la sivyo mwendo utakwenda kinyume na mishale ya michoro yao na nusu ya kipindi itaishia kwenye mabishano.

Kwa namba tunatumia simuleta ya Paul Falstad, ambayo nayo huendeshwa kwenye kivinjari. Hii ndiyo iliyopita mtihani wa nyutro iliyokatika, lakini ina mitego minne. Kwanza, chanzo cha AC (umeme wa mkondo geu) huombwa volti ya kilele. Ukiandika 230 unapata volti 163 za kawaida (RMS, zile ambazo multimita husoma), na taa yako inatoa nusu ya wati zake bila mtu kuelewa kwa nini, andika 325. Pili, ukipiga shoti kwa waya mtupu programu husimama na kutoa ujumbe wa kosa, kwa sababu njia hiyo haina ukinzani wowote. Weka rezista ya ohm 0.5 kwenye njia ya shoti, nayo itakuonyesha ampea 460, namba ambayo hunyamazisha darasa. Tatu, kwa rangi zake za kawaida kijani ni volti chanya na kijivu ni ardhi, na hakuna fundi anayepaswa kuzoea kuiona kijani kuwa na umeme. Badilisha kwenye mipangilio kabla hujawasha projekta. Nne, kwa fezi tatu weka vyanzo vitatu na pembe za nyuzi 0, 120 na 240. Ukisahau, vyote vinapanda na kushuka pamoja na nyutro inabeba jumla ya mikondo yote mitatu.

RCD haimo ndani yake kama kifaa kilicho tayari, na hilo liligeuka kuwa faida. Tunaweka ameta mbili, moja kwenye laivu na nyingine kwenye nyutro, zikisoma RMS, kisha tunaunganisha rezista ya ohm 2,000 kati ya laivu na ardhi badala ya mwili wa mtu. Laivu inazidi nyutro kwa miliampea 115. Wanagenzi wenyewe ndio wanaoamua kama RCD ya miliampea 30 ingekata. Halafu tunaihamisha rezista ileile iwe kati ya laivu na nyutro: ameta zote mbili zinasoma sawa, RCD ingekaa kimya na mtu angeendelea kuungua. Hakuna muuzaji aliyetuonyesha somo hilo.

Kwa kontakta tunatumia CADe SIMU, iliyotoka Hispania. Ni faili dogo lisilohitaji kusakinishwa na alama zake ni za IEC. Ikifunguka huomba nenosiri. Bila kuliingiza huwezi kuhifadhi kazi, basi libandikeni ukutani. Kosa linalosumbua wanaoanza ni majina: koili ikiitwa KM1 na kontakti yake ikaitwa K1, kontakti haitasogea kamwe, na kijana ataitafuta hitilafu kwenye nyaya wakati iko kwenye maandishi. Dai namba za vituo toka siku ya kwanza: A1 na A2 kwa koili, 13-14 kwa kontakti ya kujishikilia, 95-96 kwa ovalodi (kinga ya mota iliyozidiwa), 21-22 kwa kufungiana kontakta mbili za kugeuza mota. Namba hizo ndizo zilizochapwa kwenye kontakta halisi, na mchoro unahamia kwenye ubao bila kutafsiriwa. Hesabu za ampea usiiulize, hiyo siyo kazi yake. Na mota yake haina kibao cha chuma kinachotaja volti zake: itazunguka kwa delta hata kama yako mezani imeandikwa 230/400 na ingeungua kwa delta ya volti 400. Tunapiga picha kibao cha mota halisi na kukionyesha kando ya mchoro kila tunapofundisha sta-delta.

QElectroTech ni ya kuchorea tu, haiwashi kitu. Tunaitumia kuandaa michoro ya mitihani, basi.

Fedha inapokwenda

Kuwa na programu za bure hakukumaliza gharama, kulizihamisha. Projekta ya bei nafuu ilionyesha picha ya 1024 kwa 768, kompyuta ilikuwa pana zaidi, na vitufe vya chini vikapotea nje ya skrini. Mistari myembamba ya saketi ikawa haisomeki kutoka safu ya tatu. Fedha iliyookolewa kwenye leseni iliishia kwenye projekta bora na mapazia mazito. UPS, betri ya akiba, nayo si anasa. Umeme ukikatika katikati ya somo la umeme, vijana hucheka, na projekta iliyozimwa ghafla bila feni kupoza taa yake haidumu.

Kama bado mnalipia programu, yasomeni masharti ya leseni kuliko mnavyosoma bei. Muuzaji mmoja alitufungia leseni ya majaribio kwenye kompyuta moja. Diski ilipokufa, leseni ilikufa nayo, na jibu lake lilikuwa ankara mpya. Ulizeni kwa maandishi: leseni inahamishika? Inadai intaneti kila baada ya muda gani? Bei ni ya mwaka au ya kudumu, ni ya dola au shilingi, na VAT ya asilimia 18 imo? Ikiwa ni ya dola na ya kila mwaka, mhasibu ajue mapema kwamba mwakani namba itabadilika hata kama muuzaji hajapandisha kitu.

Nakala za programu huwekwa kwenye flashi mbili, zisizotumika kwa kazi nyingine, maana flashi za karakana hubeba virusi kuliko kitu chochote. Baadhi ya programu za kuzuia virusi hufuta faili dogo lisilosakinishwa bila kuuliza. Jaribuni siku moja kabla ya kipindi.

Darasani

Mpangilio uliotufaa ni kutabiri kwanza. Mchoro unawekwa kwenye skrini ukiwa umezimwa, kila mwanagenzi anaandika kwenye daftari kitakachotokea na namba anayoitarajia, ndipo mwalimu anawasha. Bila daftari, wote watasema "nilijua". Onyesho lisizidi dakika kumi na tano, kisha waende kwenye ubao kuijenga saketi ileile wakiwa na mchoro uliochapwa mkononi, na kuipima ikiwa haina umeme kabla mwalimu hajafungua meni swichi.

Tatizo moja lilikuja baadaye. Kwenye skrini shoti haina gharama: unabonyeza kitufe, kila kitu kinarudi kipya. Vijana waliotangulia kwenye kompyuta wakaanza kuwa wepesi mno wa kujaribu-jaribu kwenye ubao, wakiunganisha kwanza na kufikiri baadaye. Tuliongeza sheria mbili. Akiharibu saketi kwenye programu, hairuhusiwi kuirudisha mpaka aandike kilichoungua na kwa nini, na kifaa hicho angekinunua kwa bei gani dukani. Na ufunguo wa meni swichi ya ubao unakaa mfukoni mwa mwalimu, hata kwa yule mwanagenzi bora kuliko wote.